Biskuti za dagaa kwa mbwa anayefundishwa: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Swali: Shikamoo daktari. Nina mbwa wa kienyeji wa miezi sita, jina lake Simba, uzito wake kilo nane. Ninamfundisha kukaa, kuja akiitwa na kutotoka getini bila ruhusa. Sina oveni, kwa hiyo nilimwokea biskuti kwenye jiko la mkaa kwa unga wa mahindi, dagaa, kikombe kimoja cha mawese, kitunguu na chumvi kidogo. Alizipenda mno, lakini kesho yake aliharisha, na mafunzo yenyewe hayasongi kwa sababu akishakula biskuti tatu anakwenda kulala. Nirekebishe nini? Je, nikiongeza asali ya Tabora kuna ubaya? Mama hataki sufuria za nyumbani zitumike kwa kazi hii, na baba anasema mbwa anayefundishwa kwa chakula atapokea hata chakula cha mwizi. Ni kweli? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeeleza vipimo ulivyotumia na ulichokiona baada ya mbwa kula, na hilo limenirahisishia kazi, kwa kuwa kuharisha kwa Simba na kukwama kwa mafunzo yake vina chanzo kimoja. Ulimpikia chakula cha mtu, tena chakula kizito, ilhali mbwa aliye mafunzoni anahitaji ujira mdogo sana, laini, wenye harufu kali, anaoumeza mara moja na kubaki na hamu ya kupata mwingine. Karibu kila ninalokueleza hapa chini, kuanzia viungo hadi ukubwa wa vipande, linatokana na tofauti hiyo.

Tuanze na mawese, kwa sababu hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Kikombe cha kawaida hubeba takriban mililita 240, na mawese ya ujazo huo yana nishati inayokaribia kilokalori 2,000. Mbwa wa kilo nane ambaye bado anakua anahitaji kama kilokalori 650 kwa siku nzima, kwa hiyo mafuta peke yake yalibeba chakula chake cha siku tatu, kabla hatujahesabu unga wala dagaa. Mawese si sumu kwa mbwa, na sitaki mtu wa Kigoma aondoke hapa akidhani nimeyatukana mawese yetu; kijiko kidogo kimoja katika kinyunga chote hakina neno, ingawa pia hakina ulazima. Tatizo ni wingi. Utumbo ambao haukuzoea mafuta hushindwa kuyasaga yote, na yale yanayobaki hulegeza kinyesi. Kwa mbwa wengine, mafuta mengi ya mkupuo huleta uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye kutapika na maumivu makali ya tumbo, ambao unaweza kuua. Simba kuharisha siku moja tu ni nafuu.

Hata hivyo, kitunguu kinanitia wasiwasi zaidi kuliko mawese, kwa sababu madhara yake hayaonekani jikoni wala hayaonekani mara tu baada ya kuliwa. Kitunguu maji kina kemikali zenye salfa ambazo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kukichemsha, kukikaanga au kukikausha hakuziondoi. Mbwa anayekula kitunguu kinachozidi nusu asilimia ya uzito wake kwa mara moja yumo hatarini. Kwa Simba hiyo ni kama gramu 40, yaani chini ya kitunguu kimoja cha wastani. Kitunguu saumu ni kikali zaidi ya hapo. Dalili hujitokeza baada ya siku moja hadi siku kadhaa: mbwa hunyong'onyea, huhema haraka, ufizi wake hupauka au kuwa wa manjano, na mkojo hubadilika ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mfunue mdomo leo umtazame ufizi. Ukiwa na wekundu mwepesi na unyevu, na mbwa akiwa mchangamfu, endelea tu kumwangalia. Ukiona mojawapo ya dalili nilizozitaja, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na umwambie wazi kwamba alikula kitunguu.

Maadamu tumo jikoni, niongeze vitu vingine ambavyo havipaswi kuingia katika biskuti ya mbwa hata kama unavitumia katika keki na maandazi ya watoto: zabibu na zabibu kavu, chokoleti na kakao, kungumanga, kahawa na majani ya chai, pamoja na donge la unga wa hamira ambalo halijaiva, kwa kuwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Sukari mbadala iitwayo zailitoli (xylitol), inayotiwa katika chingamu zisizo na sukari na katika siagi za karanga za aina fulani kutoka nje, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla, hivyo soma maandishi ya kopo kabla ya kulitumia. Chumvi iache kabisa, kwani dagaa peke yake wana ladha ya kutosha kwa pua ya mbwa.

Kabla ya kuoka tena, mpumzishe siku mbili au tatu kwa chakula chepesi, kwa mfano ugali laini au wali uliochanganywa na samaki aliyechemshwa bila mafuta na kutolewa miiba, na maji safi wakati wote. Kama hujampa dawa ya minyoo katika miezi ya karibuni, mpe kwa kipimo cha uzito wake, kwa sababu mbwa mchanga mwenye minyoo ataharisha hata ukimwokea biskuti ya malaika. Na kama kinyesi kina damu, anatapika au amekataa maji, hilo si suala la biskuti tena. Mbwa mchanga asiyechanjwa anaweza kuwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na ugonjwa huo hausubiri kesho.

Sasa biskuti yenyewe. Ulichagua dagaa, na hakuna mahali nchini ambapo ungepata chaguo zuri zaidi ya hapo ulipo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wana harufu kali ambayo mbwa huifuata kutoka mbali, wana protini nyingi, mifupa yao ni laini kiasi cha kusagika, na kwa kawaida hukaushwa kwa jua bila kutiwa chumvi. Kasoro yao kubwa ni mchanga. Wale walioanikwa chini ufukweni hubeba mchanga ambao utasaga meno ya mbwa na kumkera tumbo, kwa hiyo ukifika mwaloni Kibirizi au sokoni ulizia walioanikwa juu ya chanja, ukalipe hicho kidogo kinachozidi. Hata hao wachambue, waloweke katika maji ya vuguvugu ili mchanga uzame, waoshe tena, kisha wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta hadi wavunjike kwa vidole. Kukausha kwa moto kuna faida ya pili: baadhi ya samaki wadogo wakiliwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na joto hukiharibu. Watwange kwenye kinu na uchekeche. Usibadilishe dagaa kwa mgebuka wa chumvi. Hata ukimloweka hubaki na chumvi nyingi, na miiba yake si ya kubahatisha.

Kuhusu unga, wapo watakaokwambia kwamba mbwa ni mla nyama na hana kazi na wanga. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, wana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, jambo ambalo mbwa wetu wa kienyeji, walioishi kwa makoko ya ugali vizazi na vizazi, wangeweza kulithibitisha bila maabara. Unga unafaa, mradi uwe umepikwa ukaiva na uwe safi, na hapo kwenye usafi nakuomba unisikilize kwa makini. Watu wengi humtengea mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa hayafai kwa ugali wa nyumbani. Mahindi hayo, na karanga zilizooza vilevile, huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo mwaka 2016 iliwaletea watu ugonjwa na kuwaua wengine katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka sana, huharibika ini, na joto la kuokea haliiondoi. Unga usioweza kuula wewe usimpe yeye. Ukipenda kutumia unga wa muhogo, ambao hapo kwenu haukosekani, uwe umetokana na muhogo uliovundikwa na kukauka sawasawa, kwa sababu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi. Unga wa muhogo una faida moja ambayo unga wa mahindi hauna: hushikamana, hivyo kipande hakivunjiki mfukoni.

Kwa kinyunga kimoja chukua gramu 100 za dagaa waliosagwa, gramu 150 za unga (nusu mahindi na nusu muhogo hutoa matokeo mazuri), gramu 250 za viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, na yai moja. Muuza duka mwenye mizani atakupimia, na ukishaona kiasi hicho kwenye bakuli lako utaweza kukadiria siku nyingine. Viazi ndivyo vinavyochukua nafasi ya yale mafuta uliyotia: hulainisha bila kuongeza nishati kupita kiasi na huleta utamu wa asili. Hapo ndipo ninapokujibu kuhusu asali. Asali ya Tabora ni nzuri na haitamdhuru ukitia kijiko kidogo, lakini ni sukari, na mbwa huongozwa zaidi na harufu ya samaki kuliko utamu, kwa hiyo utakuwa umeipoteza bure. Iweke kwa ajili ya chai yako.

Kanda viungo vyote pamoja, ukiongeza maji ya uvuguvugu kidogokidogo, hadi upate donge lisilonata mikononi. Litandaze katika sufuria pana au trei ya bati yenye kipenyo cha sentimita 25 hivi, unene wa sentimita moja, kisha uchore mistari kwa kisu kabla ya kuoka ili baadaye vipande vikatike kwa urahisi. Ukikosa oveni unaoka kama mnavyooka keki: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu jikoni, kigae au kifuniko kidogo juu ya mchanga, trei yako juu yake, na mfuniko uliopaliwa makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo upande wa chini utaungua ukiwa wa juu bado mbichi. Kupima joto bila kipimajoto, nyunyiza chembe za unga kwenye bati tupu ndani ya sufuria iliyokwisha kupata moto na ufunike. Unga ukigeuka rangi ya dhahabu polepole, baada ya dakika chache, moto umekaa, lakini ukiwa mweusi muda huohuo, punguza makaa. Kwa moto wa wastani dakika 25 hadi 35 zinatosha. Biskuti ikiwa tayari hubonyea kidogo kwa kidole na kurudi, na kisu kikichomekwa katikati hutoka kikavu.

Kuhusu sufuria, mama ana haki. Mimi ni daktari wa mifugo, na masuala ya twahara na najisi yanaulizwa kwa wenye elimu yake, lakini hata kwa usafi wa kawaida nyumba yenye mbwa inapaswa kuwa na vyombo vyake vya mbwa. Tafuta trei moja, kisu kimoja na kopo moja lenye mfuniko, viwekwe mahali pake na visichanganywe. Mkono uliotoa biskuti uoshwe kwa sabuni kabla haujagusa kitu kingine.

Biskuti ikipoa kidogo, ikate kwa ile mistari, na hapa ndipo ninapotaka uwe bahili. Kila kipande kiwe na ukubwa wa sentimita moja kila upande, kama punje nene ya harage. Najua utakiona kidogo, na mgeni akikuona atasema unamnyima mbwa, lakini mbwa haangalii ukubwa, anahesabu mara ngapi amepata. Kinyunga nilichokupa kina takriban kilokalori 1,100 na hutoa vipande vinavyokaribia 500, yaani kila kimoja kina zaidi kidogo ya kilokalori mbili. Kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa Simba hiyo ni kilokalori 65, sawa na vipande 30 hivi. Siku ukitumia vyote 30, punguza kidogo chakula chake cha jioni. Linganisha na biskuti zako za mwanzo, ambazo tatu tu zilimjaza na kumlaza. Hakukuwa na uvivu wowote hapo, mbwa alikuwa ameshiba.

Biskuti laini haikai. Katika joto na unyevu wa kando ya ziwa, bila jokofu, ihesabu kwa leo na kesho tu. Kwa hiyo kinyunga kikiwa kingi, sehemu ndogo ibaki laini na iliyobaki uirudishe katika sufuria yenye makaa machache, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, hadi vipande viwe vikavu kabisa na kuvunjika kwa mlio. Vilivyokauka hivyo hukaa wiki moja hadi mbili katika kopo lisilopitisha unyevu, mradi uvifungie vikiwa vimepoa, kwa sababu mvuke uliofungiwa ndio mwanzo wa ukungu. Wakati wa masika nakushauri uoke nusu ya vipimo. Ukiona ukungu kwenye kipande kimoja, au ukinusa harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa kopo zima, na usiwatupie kuku. Kavu ikiwa ngumu kwa mafunzo, inyunyizie maji ya moto kidogo muda mfupi kabla ya kutoka nayo.

Itakuja miezi ambayo dagaa watapanda bei au wakosekane, kama ilivyokuwa mwaka 2024 uvuvi katika ziwa uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nunua mapema na uwakaushe vizuri, au tumia mapafu na maini kutoka buchani. Mapafu ya ng'ombe au mbuzi yakichemshwa hadi yaive kabisa, yakakatwa vipande vidogo na kukaushwa kwa moto mdogo, huwa mepesi, hayana mafuta mengi, na mbwa huyapenda sana. Maini yana nguvu zaidi lakini yana vitamini A nyingi, kwa hiyo yawe ya mara mojamoja. Usimpe viungo vya ndani vikiwa vibichi kwa hali yoyote: malengelenge ya minyoo ya tegu yanayopatikana katika mapafu na maini ya mifugo hukua na kuwa minyoo ndani ya mbwa, na mayai yake yakitoka na kinyesi huambukiza watu wa nyumbani.

Biskuti nzuri kabisa haitamfundisha mbwa kitu ikitolewa kwa wakati usio wake. Mbwa huunganisha tuzo na jambo alilolifanya muda uleule, si lile la nusu dakika iliyopita. Ukimwambia "kaa", akakaa, kisha ukaanza kupekua mfukoni hadi akasimama, basi umemlipa kwa kusimama. Tiba yake ni kuchagua neno moja fupi, mfano "ndiyo", ulitamke papo hapo makalio yake yanapogusa chini, halafu biskuti ifuate katika sekunde moja au mbili. Siku za mwanzo sema neno na umpe biskuti mara kadhaa bila kumtaka afanye lolote, hadi ukiona akilisikia anageuka kukutazama. Ndivyo wanavyofundishwa hata wale panya buku wa shirika la APOPO kule Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu: husikia mlio, kisha hupata ndizi. Kinachofanya kazi ni ule mlio unaokuja kwa wakati, na ndizi huupa thamani.

Fanya somo la dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula na kabla jua halijawa kali. Ndani ya uwanja uliotulia tumia ujira wa chini, hata vipande vya ugali mkavu. Biskuti ya dagaa iweke kwa ajili ya mazoezi magumu, na ini kwa ajili ya kuja akiitwa wakati kuna kuku, watoto au mbwa wengine. Kuja akiitwa ndilo somo lisilostahili ubahili. Akija, hata kama amechelewa na amekuudhi, mlipe. Ukimwita ukampiga, mara ya pili atakuangalia kutoka mbali. Kwa somo la geti, mwambie "subiri", fungua geti kidogo tu, na akibaki mahali pake sema "ndiyo" na umpelekee biskuti pale alipo, asije yeye kuifuata. Akisogea, funga geti taratibu bila kelele na uanze upya. Upana wa geti uongezeke polepole kadiri anavyofaulu.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa wanaotumia chakula ni kumwonyesha mbwa biskuti kwanza ndipo wamwambie la kufanya. Huko ni kumrubuni, na mbwa aliyezoea kurubuniwa hatatii mkono mtupu. Mara chache za mwanzo unaweza kutumia biskuti kumwongoza pua, lakini baada ya hapo ifiche: amri itangulie, mkono uwe mtupu, kitendo kifuate, na biskuti itoke mfukoni mwishoni. Simba akishalijua somo barabara, usimlipe kila mara. Mlipe mara hii, mruke mara ile, bila mpangilio anaoweza kuubashiri, na katikati umsifu kwa sauti. Mbwa asiyejua biskuti itakuja safari ipi hujitahidi kila safari.

Imebaki hoja ya baba. Nisalimie, na umwambie kwamba hofu yake ina msingi, kwa kuwa wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta na mbwa wengi hufa hivyo. Lakini mbwa asiyefundishwa kabisa naye huila nyama hiyo, tena mbwa anayeshindishwa njaa ili awe mkali huila haraka zaidi. Chakula kikitumiwa kwa utaratibu hujenga mazoea yaliyo kinyume na anayoyaogopa baba: kwamba chakula hutoka kwa watu wa nyumbani, hutolewa baada ya neno, na hakiokotwi chini. Kwa hiyo tangu sasa usimrushie Simba biskuti ardhini hata kwa mchezo, na watoto wasimtupie mabaki uani. Alishwe katika bakuli lake, mahali pamoja.

Kisha mfundishe "acha". Fumba ngumi yenye kipande kikavu na umwachie ainuse, ailambe na kuipapasa kwa muda wote anaotaka bila wewe kusema neno. Mara tu anapoondoa pua, hata kwa bahati, sema "ndiyo" na umpe kipande kilicho bora zaidi kutoka mkono wa pili, usimpe kile cha kwenye ngumi. Akishaelewa, anza kutamka "acha" unapomwonyesha ngumi. Baadaye fungua kiganja, kisha weka kipande chini ukiwa tayari kukifunika kwa mguu, na hatimaye kitawanywe uani kabla ya kumtoa akiwa kwenye kamba. Kila anapokiacha kilicho chini analipwa kutoka mkononi kwa kitu kizuri kuliko alichokiacha. Zoezi hili huchukua wiki nyingi, na ukiliharakisha litavunjika siku ya kwanza atakapokutana na mfupa wa kweli.

Hakuna zoezi linalotoa uhakika kamili dhidi ya sumu. Usiku alale mbali na ukuta unaopakana na njia, na asubuhi mtu akague uwanja kabla ya kumfungulia. Lakini ukitaka baba aone kwa macho yake, baada ya miezi michache mwombe jirani ambaye Simba hamzoei asimame nje ya geti na kumnyoshea dagaa mmoja safi, wewe ukiwa umemshika Simba kwa kamba. Sema "acha", na akigeuka kukutazama wewe, mlipe ini. Watu wote wa nyumbani watumie neno hilohilo moja, akiwemo baba, kwa sababu mbwa akiambiwa "acha" na mmoja, "toka" na mwingine, na wa tatu akamcheka huku akimpa kipande, itabidi uanze tena na ngumi iliyofumbwa.